Ndugu Mhariri, kati ya Dodoma na Arusha kuna watu

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti la Jumamosi nanunua kwa ajili ya ule ukurasa wa utalii tu, sasa leo naomba niseme kitu kuhusu huohuo ukurasa na msinichukulie vibaya. Yaani kila wiki ni Serengeti, ikitoka Serengeti ni Ngorongoro, alafu Zanzibar, alafu Kilimanjaro, alafu tunarudishwa Serengeti tena. Sawa, nyumbu wanavuka mto, tumewaona. Lakini kati ya mbuga na mbuga kuna barabara na pembeni ya barabara kuna watu, na hao mnawaruka utadhani mnasafiri na ndege muda wote.

Mie ni fundi friji, nakaa Dodoma, kazi ndo inanipeleka Arusha mara kwa mara. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 nilikuwa napanda jioni, naweka kofia usoni, nikishtuka tupo Arusha. Mwezi uliopita siti za usiku zilikuwa zimejaa nikalazimika kupanda la saa kumi na mbili asubuhi, na nilinuna kweli maana nilijua siku nzima imepotea. Kumbe.

Hatujafika hata Chemba konda akaja kunifungia pazia, eti jua linapiga kwenye skrini watu hawaoni muvi. Nikamwambia konda mie nimelipia dirisha. Watu wakacheka, mama mmoja nyuma akasema mwache baba wa watu aangalie nchi yake, basi tukakubaliana pazia libaki nusu. Hiyo nusu pazia ndo imenifanya niandike barua hii.

Njia yenyewe ni Dodoma hadi Babati, kilomita 251, lami yote ilizinduliwa 2018, kabla ya hapo masika ukipita huku unabeba na jembe. Unaanza na nchi ya Wagogo, kukavu, mibuyu, mbuzi, alizeti. Ukifika Kondoa nchi inabadilika, unaingia kwenye milima ya Warangi, misikiti kila kijiji, na makorongo mekundu makubwa ambayo ukiyaona unajiuliza hapa kulipita nini.

Jibu nililipata kwa mzee aliyepanda Kondoa akakaa pembeni yangu. Nilimpa shikamoo, tukakaa kimya, alafu aliponiona nimekodolea korongo akaniambia mwanangu hayo makorongo unayoyaona sasa yamepona, ungeyaona enzi zile. Akanisimulia HADO, ile Hifadhi Ardhi Dodoma iliyoanza 1973, ardhi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko hadi serikali mwaka 1979 ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo lile, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, kila kitu. Anasema yeye alikuwa kijana, walitembea na baba yake siku tatu kuwaswaga ng'ombe kwenda kuwaacha kwa jamaa zao nje ya mpaka, na baba yake kila wakipumzika alikuwa anawahesabu upya, na hawakupungua. Alafu akanyoosha kidole dirishani, akasema ile miti yote ile ilikuja baada ya ng'ombe kuondoka. Alisema hivyo bila furaha wala hasira, mie nikakosa cha kujibu.

Tukapita Kolo. Hapo mimi niliwahi kushuka mwaka fulani nikapanda na mwongozaji hadi kwenye michoro ya mapangoni, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006 na nakuhakikishia nusu ya abiria kwenye lile basi walikuwa hawajui. Watu wamechorwa kwa rangi nyekundu, wembamba warefu kama vijiti alafu vichwa vimefura kama wamefuga nywele, na juu yake kuna michoro meupe ya watu wa baadae. Kilichonigusa zaidi si uzee wake, ni kwamba wenyeji mpaka leo wanaenda kutambika palepale. Yaani ni sehemu inayotumika bado, haijageuka makumbusho.

Kwenye siti za mbele yetu walikaa vijana wawili Wasandawe wametokea upande wa Kwa Mtoro, wakawa wanapiga stori kwa lugha yao yenye vidoko, ulimi unalia tk tk katikati ya neno, na mtoto mmoja wa jirani akawa anawaiga mpaka wao wenyewe wakaanza kumfundisha. Tukapanda Bereko, baridi, tukashuka Bonga, tukaingia Babati. Stendi pale mama muuza ndizi anaongea Kiiraqw na mwenzake, lugha yenye asili moja na Kisomali, na pembeni wamesimama kinamama wawili wa Kibarbaig, hawa ambao watu wamezoea kuwaita Wamang'ati, jina ambalo inasemekana Wamasai walilitumia kwa maana ya adui kwahiyo bora tuliache. Wana chale za duara kuzunguka macho na bangili za shaba mkono mzima, na mmoja anabishana na wakala wa simu kwamba pesa haijaingia. Kwa Kiswahili, tena kikali.

Sasa Mhariri fikiria. Wataalamu wa lugha wanasema Tanzania ndo nchi pekee Afrika ambayo makundi makubwa manne ya lugha za bara hili yote yana wenyeji wake ndani: Wabantu, Wakushi, Waniloti, na hawa wenye vidoko. Mie nilikutana na wenyeji wa makundi yote manne kabla ya saa ya chakula cha mchana, kwa nauli ya basi la kawaida, na konda anawapanga wote kwa sentensi moja, sogea nyuma mzee, sogea nyuma mama. Hiyo si stori ya ukurasa mzima kweli?

Na kuna kitu kingine kinaniuma kidogo. Mlima Hanang, ule unaoonekana upande wa kushoto ukikaribia Babati, una zaidi ya mita 3,400, ila Watanzania wengi waliusikia Desemba 2023 matope yalipoporomoka yakaifunika Katesh, mji ulio chini yake, na watu wengi wakafa. Wiki ile kila gazeti lilikuwa kule, na nyie pia, mlifanya kazi nzuri sikatai. Baada ya hapo kimya. Watu wa kule bado wapo, wanalima ngano na wanafuga.

Baada ya Babati mambo yanaenda haraka, Magugu ya mchele kwa Wambugwe, Minjingu ya mbolea, Ziwa Manyara linang'aa kwa mbali, alafu Makuyuni na shuka nyekundu za Wamasai. Pale ndo watalii wanapinda kwenda Ngorongoro na ndo mwandishi wenu naye huwa anaanzia hapo.

Ombi langu ni dogo. Mtumeni huyo mwandishi apande basi la mchana kutoka Dodoma, si gari la kampuni ya utalii, asiende kuandika kuhusu mnyama hata mmoja. Awahi kukata siti ya dirishani upande wa kushoto maana Hanang na ziwa viko huko. Na konda akija na habari za pazia akatae.

Mimi ninapoandika hii nipo Arusha, friji zimeshapona. Kesho narudi, nimeshakata siti, dirishani tena. Safari hii kulia.

Fundi friji,
Dodoma