Mbona picha inakaa poa kwa simu halafu ikiprintiwa inatoka giza?

Hili swali tunaulizwa karibu kila siku hapa dukani na mara nyingi mteja huwa ashaanza kukasirika, simu mkono huu, picha mkono ule, anatuonyesha "si hapa nguo ni maruni, na hii yenu mbona ni kahawia?" Na hadanganyi, haziko sawa kabisa. Lakini kabla printa ilaumiwe, hebu shusha kwanza mwangaza wa hiyo simu mpaka nusu, halafu uangalie tena.

Simu nyingi za siku hizi ni za OLED, skrini ambayo kila nukta inawaka yenyewe, na zingine nyingi zikitoka kiwandani ziko kwa ile modi ya rangi kali, ndio maana nyasi kwa simu huwa kijani kushinda nyasi yenyewe. Ongeza hapo umetembea barabara ya Tom Mboya hapa Nairobi saa saba mchana jua linawaka, simu imejipandisha mwangaza yenyewe mpaka juu, unafika kwetu ukiwa umezoea hiyo. Sasa karatasi haina taa ndani, inarudisha tu ule mwanga umeipiga, basi. Monita tunayoeditia tumeishusha iko kama kandela 100 kwa mita mraba, hicho ndicho kipimo cha mwangaza wa skrini, watu wa kuprinti wengi hukaa kati ya 80 na 120, na mafotografa wakiiona wanatuambia hii skrini yenu imechoka. Haijachoka, tumeilazimisha ifanane na karatasi.

Hiyo ni mwangaza tu. Rangi yenyewe ni hadithi ingine. Picha ndani ya faili ni namba, nyekundu kijani na bluu, kila moja kutoka 0 mpaka 255, na namba hizo peke yake hazitoshi kwa sababu kila mashine inazisoma vile imeundwa, ni kama uambiwe weka chumvi vijiko viwili na hujaambiwa ni kijiko cha chai ama ni mwiko. Kinachosema ni kijiko gani ndicho kinaitwa profaili ya ICC, mpango ambao Apple, Adobe, Kodak, Microsoft na wenzao waliuanzisha 1993 ndio mashine za kampuni tofauti ziache kubishana. Intaneti na simu nyingi kwa kawaida zinatumia profaili inayoitwa sRGB, ya HP na Microsoft kutoka 1996. Mafotografa wengine wanapenda Adobe RGB ya 1998 kwa sababu ina nafasi kubwa zaidi upande wa kijani, na sawa, hakuna ubaya, shida ni pale faili imepitishwa kwa programu fulani ikatolewa profaili, sisi tukiifungua inasomwa kama sRGB na bibi harusi anatoka kama amepakwa jivu. Kwa maoni yangu kama huna sababu ya maana, kaa kwa sRGB ulale usingizi.

Kuna rangi pia ambazo printa haifiki, hata ukiiombea. Zile jakaranda za Oktoba ndizo hutusumbua sana, kila mtu anataka picha chini ya mti, na ile zambarau yake iko kati ya bluu na urujuani, kamera nyingi zinaivuta kuwa bluu na ukiipeleka kwa wino nne za kawaida, saiani (bluu ya kijanikijani), majenta (waridi kali), manjano na nyeusi, inageuka nzito imekufa kidogo. Mashine yetu ya picha ina wino zaidi ya nne kwa hivyo inajikaza, lakini kadi za biashara na mabango, ile kijani ya kung'aa ama machungwa ya kuwaka uliyochagua kwa skrini, itatulia tu. Tutakuonyesha mapema kwa monita vile itatoka, ukubali ama tubadilishe.

Ngozi ndio mahali hatufanyi mchezo. Zamani Kodak walikuwa wanapelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ilikuwa inatoka vile inatoka, waliojali ni wachache. Leo mashine si filamu lakini ukiacha kamera iamue yenyewe chini ya hema la kijani, na taa za LED za maharusi, watu wa familia nzima wanakuwa na uso wa kijanikijani halafu mtu anajaribu kurekebisha kwa kuongeza nyekundu wanakuwa kama wamechomwa na jua. Fotografa, piga RAW, ile faili ghafi ambayo kamera haijaamua rangi, na kila mwanga ukibadilika shikisha mtu kadi ya kijivu upige picha moja tu, ndio baadaye uionyeshe programu kijivu halisi ni gani, itakuokolea usiku mzima wa kuediti.

Kwa upande wetu, kila aina ya karatasi, glosi ya kung'aa, mati isiyong'aa, kanvasi ya kitambaa, ina profaili yake. Kuitengeneza tunaprinti viboksi vya rangi, tunaacha wino ukauke vizuri, tunapima na kifaa, ndio maana ukitaka ubadilishe karatasi dakika ya mwisho tunakunja uso kidogo. Na usihukumu picha ukiwa chini ya taa ya ngazi, taa zingine za bei rahisi zinabadilisha rangi kabisa, toka nayo hadi mlangoni uione na mwanga wa mchana.

Ukitutumia kazi kwa WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama picha, ikienda kama picha inafinywa, na skrinishoti tafadhali hapana. Kwa kazi kubwa tunatoa kwanza kipande kidogo cha kujaribu, hatukichaji, ukishakikubali ndio tunaendelea. Mafotografa na wenye studio pia tunakuja kuwapimia monita huko huko ofisini, laptopu nazo tunapima ingawa zingine za bei ya chini hazina rangi za kutosha na tutakuambia ukweli badala ya kukula pesa yako. Jumamosi huwa kumejaa, kama ni albamu ya harusi jaribu kupita katikati ya wiki asubuhi, na uzime ile modi ya usiku ya simu inayogeuza skrini kuwa ya manjano kabla tuanze kuongea rangi.