Kilio cha Kanada ni chetu pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nimetazama filamu ya hali halisi kuhusu wenyeji wa asili wa Kanada na shule za bweni walikopelekwa watoto wao kwa zaidi ya miaka mia moja. Watoto wapatao 150,000 walipita huko. Walinyolewa nywele, wakapewa namba, wakachapwa kwa kuongea lugha ya nyumbani. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, maana yake waliosoma humo wapo hai na wanalea wajukuu. Maumivu hayo bado mabichi kabisa.

Sisi wa Iringa hatuwezi kuyatazama kama ya wageni. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na wakoloni wa Kijerumani na kufariki 1898, lilichukuliwa na Wajerumani. Kurudishwa kwake kulitajwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza, lakini lilirudi 1954 tu. Liko Kalenga, ndani ya kioo, kilomita chache tu kutoka mjini, na vijana wengi ninaowafahamu hawajawahi kuliona! Kule Songea, ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, bado unasubiri kichwa chake. Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi hapo Novemba 2023. Tumeisikia, na tunashukuru, ila ukoo ule unataka mabaki ya kuzika.

Naiomba wizara husika itueleze, kupitia gazeti hili, msako wa kichwa hicho umefikia wapi. Nanyi walimu wa historia, wapelekeni wanafunzi Kalenga muhula huu.

Msomaji wako,
Iringa