Anti naomba ushauri, binti yangu amezama kwa BTS mpaka amegusa hela ya kikoba

Anti shikamoo, pole na majukumu. Nimekuwa nasoma unavyowajibu wenzangu muda mrefu tu, sikudhani na mimi ntafika siku nikae niandike, ila nimefika, naomba univumilie maana barua ni ndefu kidogo.

Nina miaka 38, naishi Dar, nauza madera na vitenge Kariakoo. Nina binti mmoja wa miaka 15, yuko kidato cha pili na mwezi ujao ana mtihani wa taifa. Baba yake alihama nyumbani 2023 ana familia nyingine mkoani, hilo nimeshalimeza. Kinachonisumbua ni mtoto na hawa BTS. Kama huwajui ni vijana 7 wa Korea Kusini, wanaimba na kucheza, walianza kutoka 2013, mashabiki wao wanajiita ARMY na mwanangu ni ARMY haswa, unaweza ukamuita mara tatu asiitike lakini ukosee kutamka jina la mmoja wao uone atakavyokurekebisha hapohapo.

Mwanzo sikuona tatizo. Sisi enzi za Mr Nice tulikuwa tunakata picha kwenye magazeti tunabandika kwenye madaftari, mama akifoka tunabandua. Ila gazeti ukishalisoma limeisha unafungia maandazi, hii ya simu haiishi. Kule wametutangulia masaa 6, kwahiyo asubuhi yao ni usiku wa manane kwetu, mtoto anakesha anasubiri mmoja wao aposti kitu. Wimbo mpya ukitoka saa 7 mchana kwao huku ni saa 1 asubuhi, muda wa kuwa njiani kwenda shule, yeye yuko chooni na simu anarudia kuangalia video ileile ili namba za walioitazama zipande, ananiambia mama masaa 24 ya kwanza ndo ya muhimu kila mtu lazima afanye sehemu yake. Darasani alikuwa wa 9, muhula uliopita amekuwa wa 41.

Mwanzoni mwa mwaka niliona kwenye kalenda ya ukutani anakata tarehe kwa peni nyekundu moja baada ya nyingine mpaka tarehe 11 mwezi wa 6 ambayo kaizungushia duara. Anti nilitetemeka, nikajua tayari mimba hii, nikamkalisha kitako. Kumbe ndo siku Jimin na Jungkook, wawili kati ya hao vijana wa BTS, wanamaliza jeshi, kule wanaume ni lazima, hao walikaa mwaka na nusu. Nilishukuru Mungu nikaenda zangu sokoni, na sahivi naona hapo ndo nilikosea, ningekaa nimuulize zaidi.

Kuna siku nilifua shati lake la shule sikukagua mfuko, kulikuwa na kadi ya picha ya huyo Jimin. Hizi kadi zinakuja ndani ya albamu, hujui utapata ya nani, ndo maana watu wananunua albamu moja hata mara tatu wampate wanayemtaka. Alivyoikuta imelowa alilia kama tumefiwa, majirani wakatoka nje. Usiku nikamkuta amepiga magoti sakafuni ameilaza katikati ya kanga yangu anaipiga pasi ya uvuguvugu taratibu kwa ncha, anainua anaangalia anarudisha, mikono inamtetemeka. Nilisimama mlangoni sikuweza kusema kitu.

Sasa juzi hapa, Jumapili tarehe 12 Oktoba nimerudi nimechoka nakuta keki mezani na mishumaa. Saa 12 kamili jioni akazima taa akaanza kuimba peke yake kwa Kikorea, machozi yanamtoka, kwasababu Seoul ilikuwa imeshaingia tarehe 13, Jimin anatimiza miaka 30. Yangu mimi ilikuwa mwezi wa 9 hata hakukumbuka. Imeniuma anti, siwezi kukuficha.

Nikajiuliza hela ya keki katoa wapi. Mimi ndo naweka hela za kikoba chetu, wanawake 20, nikafungua boksi nikahesabu mara mbili, imepungua 85,000. Kumbana akasema kweli, kuna mtu kwenye grupu lao anakusanya hela za watu anaagiza albamu Korea kwa pamoja, akamtumia 70,000 tangu mwezi wa 8, hajapata albamu na namba haipatikani tena.

Nilimchapa. Sijawahi kumchapa tangu awe mkubwa. Hakukimbia wala hakulia, akaniambia tu "mama wewe ukirudi umechoka, baba hapigi simu, wale hawajawahi kunichoka". Mpaka leo hilo neno liko kifuani.

Mjomba wake anasema nivunje simu na fimbo iongezwe. Mamdogo wake anasema hilo ni pepo twende kwa shehe. Mimi sioni kama ni pepo. Na hao vijana wenyewe siwezi kuwasema vibaya, alishanionyesha yule kiongozi wao akihutubia Umoja wa Mataifa 2018 anawaambia vijana wajipende, hakuna baya pale. Na huyuhuyu mtoto anayeshika mkia darasani kajifundisha herufi za Kikorea mwenyewe kwenye simu, anaandika anasoma, jina langu kaliandika ukutani juu ya kitanda changu. Kwahiyo akili anayo jamani, na mimi naogopa nikimnyang'anya hiki kitu kwa nguvu nitabaki na mtoto ndani ya nyumba ila moyo wake nimeupoteza.

Naomba unisaidie, simu nimnyang'anye sahivi kabla ya mtihani au nikifanya hivyo ndo nitamvuruga zaidi? Nikitaka kukaa naye tuongee naanzia wapi maana tangu siku ile anajibu ndio na hapana tu. Na wenzangu wa kikoba niwaambie ukweli kwamba ni mwanangu kachukua au nikope nirudishe kimyakimya? Kikao ni Jumamosi na hela sijapata bado, ukiweza nijibu kabla ya hapo.

Mama T., Dar es Salaam