Asante, fundi wa Majengo

Fundi uliyetusaidia na pikipiki yetu karibu na soko la Majengo, Dodoma, jina hatukuuliza, asante sana. Wengi, kama sisi, huweka chujio la hewa la wazi, kisha injini ikisumbua hulaumu petroli. Ulituonyesha kuwa hewa imezidi mafuta: plagi nyeupe, injini inachemka, ekzosi inalipuka ukiachia mafuta. Ukapandisha jeti kubwa ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) saizi moja tu, 95 hadi 98, maana hapa ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, ukizidisha inatoa moshi mweusi. Klipu ya sindano ya kabureta ukaishusha mfuo mmoja, sindano ikapanda, petroli ikapita zaidi. Skrubu ya sailensi (mngurumo wa injini bila kuvuta mafuta) ukairekebisha mwisho kabisa, injini ikiwa ya moto. Plagi sasa ni ya kahawia. Na kwa vumbi letu, ulisisitiza chujio lipakwe mafuta maalum ya chujio. Mungu akubariki.