Kwa nini mkaa hauwi grafiti

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Neema,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, bibi yako naye anakusalimu sana.

Ulipokuja likizo uliniuliza jikoni, huku unapepea jiko: kama mkaa ni kaboni na grafiti ya kwenye penseli ni kaboni, mbona mkaa hukwaruza na penseli huteleza? Nikakujibu harakaharaka kwamba tofauti ni moto tu, mkaa ukipata joto kali zaidi utakuwa grafiti. Nilikosea. Jibu lile limeninyima raha, kwa sababu mimi ni mwalimu wa kemia na wewe uliniamini.

Mwaka 1951 mwanasayansi wa Uingereza, Rosalind Franklin, alionyesha kwamba kaboni zimegawanyika makundi mawili. Kuna zile ambazo zikipashwa hadi kama nyuzi 3000 za Selsiasi hujipanga tabaka bapa juu ya tabaka zikawa grafiti (tabaka hizo ndizo huteleza kwenye penseli), na kuna zile ambazo hata joto hilo haziliitikii. Mkaa wa kuni uko kundi la pili.

Mambo huamuliwa mapema, kabla ya tanuri kali, wakati kitu bado kinatiririka. Chukua lami ya makaa ya mawe. Ukiipika bila hewa kati ya nyuzi 400 na 500, molekuli zake huungana, zikawa kubwa na bapa kama chapati. Zikifika ukubwa fulani haziwezi tena kukaa ovyoovyo. Huanza kulaliana sambamba, na bado zinatiririka. Hiyo ndiyo fuwele kimiminika. Unawakumbuka dagaa chini ya taa, usiku ule mjomba wako alipotupeleka ziwani? Kila mmoja anaogelea, hakuna aliyefungwa, lakini vichwa vyote vimeelekea upande mmoja.

Walioligundua jambo hili kwenye kaboni walikuwa Australia. G. H. Taylor alikuwa akitazama kwa hadubini makaa ya mawe yaliyopikwa humohumo ardhini na mwamba ulioyeyuka, akaona vitufe vidogo sana. Mwaka 1965 yeye na J. D. Brooks wakaeleza safari nzima: vitufe huzaliwa ndani ya lami, hukua, hugusana, humezana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi, mpaka lami yote imejipanga. Kisha inaganda, na mpangilio unabaki humo. Tanuri la nyuzi 3000 hukuta tabaka zimekwisha kulaliana, kazi yake ni kuzinyoosha. Hata mapovu ya gesi yanayopanda lami inapokaribia kuganda yana kazi, na hapa ndipo ninapopapenda zaidi: huzivuta tabaka zikalala upande mmoja kama nyuzi za mkonge. Kaboni ya namna hiyo ndiyo hutengenezewa elektrodi, yaani vipande vinene vya kupitishia umeme ndani ya matanuri ya kuyeyushia vyuma chakavu.

Sasa kuni haziyeyuki. Wachoma mkaa wanapofukia magogo kwa udongo, mti hugeuka mkaa ukiwa na umbo lake lilelile, kuta za seli na kila kitu. Molekuli hazipati nafasi hata ya kujigeuza. Lakini nisije nikakupotosha tena: kuyeyuka peke yake hakutoshi. Sukari unayoiunguza kutia keki rangi huyeyuka vizuri tu, ila oksijeni nyingi iliyomo huzifunga molekuli kabla hazijawahi kulaliana. Ukiendelea kuichoma hadi ibaki kaboni tupu, nayo haiwi grafiti.

Kwenye ndoo ya dagaa niliyompa dereva wa basi nimefunga kipande cha mkaa kwa gazeti. Kivunje kwa mkono, usikikate kwa kisu, maana kisu husaga vumbi likaziba. Weka upande uliovunjika chini ya hadubini ya shule, umulike kwa tochi kutoka pembeni. Utaona vitundu vimepangana: ndiyo mirija ambayo mti ulikuwa ukipandishia maji. Nichoree ulichokiona, unitumie.

Mama yako