Wafadhili wadogo nao wana lao jambo

Mhariri,

Vijiweni tumezoea kusikia kwamba mfadhili wa maana ni taifa kubwa tu. Hao wengine wanatuletea visima na semina. Mimi nimekulia Kibaha, naona vingine.

Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden walikubaliana na Tanganyika kujenga kituo pale Tumbi: sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 wakatukabidhi, na ndilo leo Shirika la Elimu Kibaha. Marehemu baba, aliyekuwa akiuza machungwa Maili Moja, hakuweza kumtofautisha Mdenishi na Mnorwei. Kwake wote walikuwa "Wanodiki", watu wa kaskazini mwa Ulaya. Lakini redio ikitaja Sweden, alikuwa anaongeza sauti kama aliyesikia habari za shemeji yake. Urafiki wa namna hiyo hauletwi na manowari.

Wafadhili hao wadogo wenyewe wanajua wanachofanya. Kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, linalochagua wajumbe wa muda wa Baraza la Usalama, kila nchi ina kura moja. Oktoba 2012 Luxembourg, ambayo kwa eneo haipishani sana na Unguja na Pemba zikiunganishwa, iliibwaga Finland na kupata kiti cha Baraza la Usalama. Luxembourg hutoa karibu asilimia 1 ya pato lake kwa misaada, wakati lengo la kimataifa ni asilimia 0.7, tena huwa inachagua nchi chache, kama Senegal na Cape Verde, na kukaa nazo miaka na miaka. Sisemi kura zilinunuliwa. Finland nayo ni mfadhili wa siku nyingi, sisi wa Kibaha tunaijua. Ila aliyekaa na watu muda mrefu, siku ya kuomba kura hahitaji kujitambulisha.

Kinachonikera ni upande wetu. Balozi akija, viongozi wanajipanga kama wapokea sadaka, utepe unakatwa, picha zinapigwa, basi. Kumbe mgeni naye kaja na haja zake! Kwa nini mezani tusidai nafasi za mafunzo kwa vijana wetu, na vipuri na fundi pampu ikifa? Mtaani kwetu pampu ya mradi mmoja iko kimya tangu mwaka juzi. Kibao chake chenye bendera mbili bado kinang'aa.

Msomaji wako,
Kibaha, Pwani