Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Lishe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, wahadhiri, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Hamjambo!

Sisi wanachama tumefurahi mno kukupokea. Chama kilianza nyuma ya kantini, na hata leo hatuna ofisi, lakini hilo si kubwa.

Mwaka huu tulipokuwa mazoezini katika wodi ya mahututi hapa jijini, alikuja mama aliyepanda matatu alfajiri kutoka Kayole, thamosi ya uji wa wimbi kwapani. Mwanawe alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Muuguzi akamwambia, "Mama, uji huu utaziba mpira wa puani anaolishiwa." Akauliza, "Sasa anashinda njaa?"

Jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Maziwa yake ya kwenye mpira yalikuwa yamefungwa usiku ili akapigwe picha. Picha ikaahirishwa, na kufikia saa nne asubuhi hakuna aliyekumbuka kuyafungulia.

Mheshimiwa, ukuta wa utumbo hujilisha pia kwa kile kinachopita ndani yake. Ukikaa mtupu hunyauka, na bakteria ambao antibayotiki zimeshawavuruga wanaweza kupenya. Dripu ya glukosi haizibi pengo hilo. Ndiyo maana mgonjwa huanzishiwa lishe ya mpira ndani ya saa 24 hadi 48, hata mililita 10 au 20 kwa saa, kichwa kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45. Ambaye presha yake haijatulia husubiri kwanza, kwani kumjaza mapema kwaweza kuudhuru utumbo ambao tayari haupati damu ya kutosha. Wenzetu walioshabikia vidonge vya bakteria wazuri nao wamepoa: utafiti wa wagonjwa 2,650, uliochapishwa 2021, haukuona vikizuia nimonia inayowapata walio kwenye mashine ya kupumulia.

Tuna maombi mawili. Pampu yetu ya kulishia ni moja, na kitufe chake hakishiki. Tunajifunza kwa bomba la sindano na mpira uliofungwa kwenye kiti. Tunaomba pampu mbili. La pili ni karatasi tu: wasimamizi wa hospitali wanakusikiliza, basi tuombee kila kitanda kiandikwe saa lishe iliposimamishwa na saa iliporudishwa.

Jioni ile maziwa yalikuwa yakidondoka tena. Mama akatukabidhi thamosi, tukaunywa uji wote pale barazani.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wanachama, Chama cha Wanafunzi wa Lishe, Nairobi